Hewa ya Upande wa Edicta

Ukitaka kumuudhi Astolfo Boscán, panda gari lake, kaa mbele karibu na dirisha, halafu geuza lile tundu la hewa la kwenye dashibodi. Hatakuambia kitu. Atakunja uso, atakufikisha unakokwenda, na ukishateremka tu atanyoosha mkono wake mrefu juu ya kiti na kulirudisha lilivyokuwa, limeinama chini, usawa wa uso wa mwanamke mfupi. Kinachotoka kwenye tundu hilo ni joto la injini na vumbi la barabara ya Bella Vista. Kiyoyozi cha gari kilikufa zamani. Huyo mwanamke mfupi naye yuko Temuco, kusini mwa Chile, ambako nasikia watu hulala na soksi miguuni.

Mwanamke mwenyewe ni Edicta, mke wake wa ndoa. Na mimi ni Chinca, nauza kahawa na mandoca, zile pete za unga wa mahindi za kukaanga, pale magari ya njia ya Bella Vista yanapopanga foleni kusubiri abiria. Mandoca zangu zina ndizi mbivu na jibini ya kweli, si kama za yule jirani yangu wa upande wa pili ambazo ni unga na mafuta tu, lakini hayo si ya leo. Astolfo na mimi tunaitana komadre na kompadre, maana mimi ndiye niliyembeba binti yao Yaneira siku ya ubatizo. Kwa hiyo nina haki ya kumsema, na haki hiyo siiachi ikalala.

Gari lake ni Caprice ya mwaka sabini na nane, la bluu, refu kama sebule, alilorithi kwa baba yake. Siku hizi ni chakavu, lakini enzi zile lilikuwa gari pekee kwenye foleni yetu lililokuwa na baridi ya uhakika. Abiria waliyaacha magari mengine yapite ili walipate hilo. Edicta alikuwa karani wa benki, na benki yao iliwalazimisha wanawake kuvaa soksi ndefu za nailoni, hapa Maracaibo, kwenye jua linalowafanya mbwa wagombanie kivuli cha nguzo. Alikuwa anafika kituoni uso mwekundu, viatu mkononi, anasubiri Caprice. Akishakaa mbele alifumba macho na kuuweka uso wake pale kwenye tundu, na Astolfo, ambaye alikuwa hajui kusema neno lolote la maana kwa mwanamke, akawa anamwinamishia hewa.

Siku moja Edicta alipitiliza benki, akazunguka njia nzima mpaka akarudi alipopandia.

"Nimesahau kushuka," akasema.

"Umesahau benki?" nikamuuliza mimi, nikiwa na birika langu mkononi. "Jengo lote lile?"

Akacheka mpaka akashika mlango. Astolfo akaangalia usukani kama mtu anayeuona kwa mara ya kwanza. Mwaka uliofuata wakafunga ndoa, wakaenda kanisani kwa gari hilohilo, madirisha yamefungwa, bibi harusi hana hata tone la jasho. Baadaye maisha yalipokuwa magumu na umeme ukawa unakatika mchana kutwa, Edicta alikuwa akitoka kazini anakuja kwenye foleni, anakaa mahali pake mbele, anazunguka na mumewe mpaka jioni. Walikuwa hawaongei sana. Nimewaonea wivu watu wengi maishani mwangu kwa mambo makubwa, lakini hao wawili niliwaonea wivu kwa ajili ya kile kiti.

Halafu kompresa ya kiyoyozi ikafa. Vipuri havikuwepo, gesi haikuwepo, na baada ya muda hata watu wakaanza kutokuwepo. Yaneira alikwenda Chile na mumewe. Akapata mtoto huko, na Edicta akaenda kumsaidia, miezi michache tu. Asubuhi ya kuondoka alipokaa ndani ya gari aliweka kiganja chake kwenye tundu, akapigwa na joto, akasema huku anacheka na machozi yanamtoka, "Ukitengeneza baridi yangu, nitarudi."

Sisi watu wa Maracaibo tunatania hata msibani, na kila mtoto aliyezaliwa hapa anajua kutofautisha utani na ahadi. Astolfo pia anajua. Ila hilo neno alilichukua akalifungia moyoni kama hati ya kiwanja, na ile miezi michache ikawa miaka.

Sasa lazima nieleze kidogo habari za injini, na mafundi wanisamehe. Mkanda unaozungusha pampu ya maji na altaneta ya kuchaji betri kwenye gari lile unapita pia kwenye puli ya kompresa. Hapa kwetu kompresa ikifa haitolewi. Dereva yeyote wa foleni atakuambia hivyo. Ndani imekufa, haipozi chochote, lakini puli yake ya mbele bado inazunguka, na mkanda unapata pa kupitia. Ukiitoa, mkanda unabaki mrefu na hauna kazi ya urefu huo, na altaneta iliyokuwa imeshikana nayo kwenye breketi moja inabaki inayumba. Nusu ya magari ya Bella Vista yamebeba kompresa zilizokufa kwa sababu hiyo tu.

Basi Edicta akapiga simu mwezi wa Oktoba kwamba anakuja kwa sikukuu ya Chinita ya Novemba, Bikira wetu, yule ambaye hata hili Chinca langu limetoka kwenye jina lake. Astolfo hakuja kwenye foleni siku hiyo. Nilipokwenda kumwangalia nilimkuta gerejini kwa Heberto, fundi wetu, na kompresa iko chini kwenye gunia.

"Komadre, mwambie huyu," Heberto akanililia. "Mimi nimeshachoka. Nimemwambia aiache mahali pake."

"Naipeleka Cabimas," Astolfo akasema. "Kuna mtu ng'ambo ya ziwa anazifufua."

"Anazifufua? Ni fundi au ni mtume?" nikasema.

"Cheka tu. Edicta anakuja. Atakaa mahali pake na itamtokea baridi."

"Na mpaka irudi utaendesha na nini?" Heberto akauliza. "Mkanda utazungukia wapi, kichwani kwako?"

"Weka mfupi."

"Mfupi! Haya, nitaweka mfupi. Lakini ukianza kulia barabarani usinitaje jina."

Heberto akaweka mkanda mfupi zaidi, ukawa mfupi kupita kiasi, haukuingia. Akatafuta mwingine, huo ukaingia, ila altaneta haikuwa na pa kujishikiza, akaibana kwa kipande cha chuma alichokikata kwenye kitanda cha zamani. Injini ilipowashwa ule mkanda ukapiga ukelele ambao mbwa wote wa mtaa waliuitikia.

Ndivyo tulivyoishi mwezi ule. Tulimsikia Astolfo kabla ya kumwona. Abiria walimuuliza kama amepakia nguruwe kwenye buti. Ciro, dereva anayemfuata kwenye zamu, alikuwa akivua kofia kila gari linapopita na kusema, "Mungu ailaze pema." Astolfo alinunua mche wa sabuni ya kufulia, kila akifika mwisho wa njia anafungua boneti na kuusugulia mkanda kwa ndani, na unanyamaza mpaka kwenye kona ya tatu. Kisha altaneta inainama, mkanda unalika ukingo, betri inakosa chaji, na mshale wa joto unapanda. Mara mbili mkanda uliruka kabisa, abiria wakashuka wanamtukana kwa heshima, maana wanamfahamu.

"Kompadre," nikamwambia, "huyu mwanamke anakuja kukuona wewe. Haji kuona gari."

"Najua."

"Hujui. Ungejua ungenunua shati."

Akanunua shati. Cabimas wakawa wanasema wiki ijayo, na wiki ijayo ikifika wanasema wiki ijayo.

Siku ya kumpokea Edicta tulikwenda wote wawili uwanja wa ndege, mimi nyuma na mandoca zangu kwenye kitambaa, yeye mbele na shati lake jipya linanuka duka. Njia nzima alikuwa anausikiliza mkanda, kichwa kimeinama upande mmoja. Mimi nilikuwa namwangalia shingo yake iliyokonda, na sikutania hata mara moja, jambo ambalo lilimtia wasiwasi zaidi.

Edicta alitoka na koti mkononi, soksi nene za huko miguuni, nywele amezikata. Alikuwa mnene kidogo na mzuri zaidi. Wakashikana pale mlangoni, watu wakawa wanawapita na mizigo. Nilimpa mandoca moja akaila palepale analia, mafuta yanamchuruzika kidevuni.

Alipokaa mbele, mkono wake ulikwenda kwenye tundu wenyewe. Hakuangalia hata. Tundu lilikuwa limeinama kamili kwenye uso wake, kama alivyoliacha, na joto likampiga kiganjani.

"Iko Cabimas," Astolfo akasema haraka. "Kompresa. Inatengenezwa. Wiki ijayo."

"Aa," Edicta akasema. Akauacha mkono pale mpaka tukaingia barabarani. "Na hii kelele ni ya nini?"

"Ni mkanda. Ni kwa sababu ya..."

"Ni kwa sababu yako, shoga," nikamwambia. "Foleni nzima imekuwa viziwi kwa ajili yako."

Akacheka kile kicheko chake cha kushika mlango, na Astolfo akacheka, na palepale mkanda ukakatika. Tulisikia ukipiga boneti kwa chini. Mshale wa joto ukaanza kupanda, akaegesha pembeni, kwenye jua la saa nane, hakuna hata mti.

Astolfo aliingiza kichwa ndani ya injini akakaa hukohuko. Nadhani alikuwa anaona aibu kutoka. Edicta akaegemea mlango karibu nami, akivua koti la pili ambalo sikujua kama analo.

"Umerudi kukaa?" nikamuuliza polepole.

Akaangalia barabara. "Mtoto anaanza shule mwezi wa tatu. Yaneira yuko kwenye zamu hospitali, siku nyingine harudi. Nani atamchukua mtoto?"

"Basi mwambie mwenzio."

"Nimemwambia, Chinca. Nimemwambia kwenye simu mara ngapi. Kila nikimwambia ananieleza habari za kompresa."

Nilimtazama Astolfo, makalio yake yametokeza nje ya boneti kwenye suruali aliyoinyoosha asubuhi, nikatamani kumpiga na kumkumbatia kwa wakati mmoja. Mwezi mzima nilimcheka, na kumbe alikuwa anashindana na kitu ambacho kilishaamuliwa mbali huko kusini na mtoto mwenye mkoba wa shule.

Edicta akavua kiatu. Akavua soksi moja ndefu, akaenda nayo mbele.

"Shika," akamwambia. "Kama zamani."

Kila dereva wa umri wetu anajua kazi hiyo. Unaizungusha soksi kwenye puli ya injini na ya pampu ya maji, altaneta unaisahau, unafunga fundo, unaendesha taratibu na kuomba. Astolfo akafunga fundo, tukafika nyumbani kwa mwendo wa maandamano ya Bikira, mke wake amekaa mahali pake na mguu mmoja mtupu. Gari lilikuwa kimya kwa mara ya kwanza tangu Oktoba.

Heberto akaweka mkanda mwingine mfupi, ukelele ukarudi, na sikukuu ikaja ikapita. Tuliimba gaita, nyimbo zetu za sikukuu, mbele ya basilika mpaka sauti zikatukauka, na Edicta alicheza na kila mtu. Desemba tulikunja hallaca, unga wa mahindi na nyama ndani ya majani ya mgomba, nyumbani kwangu, yeye akifunga kamba na kunisimulia habari za Temuco, mvua yake, moshi wa kuni, namna mtoto anavyomwita. Kila aliposema "kwangu" nilisikiliza anamaanisha wapi. Mwanzoni alimaanisha hapa. Kufikia mwaka mpya alikuwa anamaanisha kule, na yeye mwenyewe hajatambua.

Kompresa ikarudi kutoka Cabimas mwezi wa pili. Nilikuwepo gerejini Heberto alipolifungua gunia. Mtu wa Cabimas alikuwa amesema ukweli hatimaye, kwamba ndani kumeungua kote, hakuna kipande cha kuokoa. Alichofanya ni kubadilisha beringi ya puli tu, ili izunguke vizuri.

"Kwa hiyo?" Heberto akauliza, kwa upole ambao sikuujua kwake. "Tufanye nini, kaka?"

Astolfo aliizungusha ile puli kwa kidole. Ikazunguka muda mrefu, kimya kabisa.

"Irudishe mahali pake," akasema.

Heberto akairudisha, altaneta ikapata pa kushika, mkanda mrefu wa zamani ukaingia bila kulazimishwa. Hata Ciro aliinamisha kichwa kusikiliza, akasema sasa gari linapumua. Astolfo akaenda nalo nyumbani, na mimi nikaenda naye. Sikualikwa.

Edicta alikuwa kibarazani anasuka nywele za mtoto wa jirani. Alisikia gari linaingia bila kelele. Akainuka, kitana bado kiko mkononi, akaja mbiombio. Uso wake ulikuwa ule wa zamani wa kituoni, ule wa msichana mwenye viatu mkononi, nikajua kwamba na yeye pia, na akili zake zote, alikuwa amelifungia lile neno lake la baridi mahali fulani. Akafungua mlango, akakaa, akaweka kiganja.

Ilikuwa moto.

"Haikufufuka," Astolfo akasema. "Inazunguka tu. Mkanda umepata pa kupitia."

Wakakaa hivyo, injini inanguruma taratibu. Mimi nilisimama dirishani kama polisi, sikuwa na haya ya kunifanya niondoke.

"Njoo wewe basi," Edicta akasema. "Huko baridi ni ya bure, mpenzi wangu. Inaingia hata chini ya mlango."

"Na gari?"

Nilifungua mdomo nimtukane, ila Edicta alinionyesha kidole ninyamaze.

"Siyo gari," Astolfo akasema, akiangalia usukani kama ile siku ya kwanza. "Nikija huko nitakuwa mzee anayekaa kwenye kiti cha mkwe wake anasubiri kuitwa chakula tayari. Hapa nikipita barabarani watu wananiita jina langu. Nakutamani, Edicta. Nakutamani mpaka naona haya, mtu mzima kama mimi. Lakini nikija nitakuletea mtu mwingine, na huyo hutamtaka."

Edicta hakubishana. Ingekuwa afadhali angebisha, angepiga kelele, angemvunjia kitana kichwani. Alimwelewa, na hilo ndilo lililoniuma mimi kuliko yote. Alichukua mkono wake wenye grisi akaushika pale juu ya tundu, mikono yote miwili kwenye ule moto, na mtoto wa jirani akaja na nywele nusu zimesukwa kuuliza kama bado.

Tulimrudisha uwanja wa ndege mwisho wa mwezi. Njiani mkanda haukulia hata kidogo. Pale mlangoni alimkumbatia mumewe, akanikumbatia mimi, akaninong'oneza nimwangalie ale. Akapita kwa askari, koti mkononi, akageuka mara moja tu, kwa sababu ni mfupi na watu walimfunika.

Wakati wa kurudi Astolfo alinifungulia mlango wa mbele. Sikuwahi kukaa pale Edicta akiwa mjini, na asipokuwepo nilikuwa nikikaa tu nageuza tundu, makusudi, nimwone anavyokunja uso. Sasa nikakaa. Lilikuwa limeinama vilevile, na mimi ni mrefu, kwa hiyo ule moto ulikuwa unanipiga kifuani na kuniingia kwenye blauzi. Mkono ukaniinuka wenyewe kuligeuza. Nikamwona Astolfo anaangalia barabara kwa bidii, taya limekaza, anangoja.

Nikaurudisha mkono mapajani. Nikajishusha pale pale kitini, magoti yakagusa dashibodi, mpaka ile hewa ikanipata usoni. Tukaenda hivyo, moto unanikausha macho, mpaka kwenye foleni.